Mshipa Juu ya Mshipa: Tarehe ya Maumivu ya Uso na Faraja Yake

Shangazi yangu aliyekaa Tanga, ambaye nilipokuwa mtoto nilipelekwa kwake kila likizo, alikuwa na mazoea ambayo sisi watoto tuliyadhani ni haya au maringo, kumbe yalikuwa hofu: upande wa kulia wa uso wake aliufunika kwa upindo wa kanga mchana kutwa, na kaskazi ilipovuma kutoka baharini alifunga madirisha ya upande huo, ijapokuwa joto la nyumba lilikuwa la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa kitako. Chakula alikitafuna kwa upande mmoja, na maneno aliyatoa kwa mdomo uliofumbuliwa nusu. Na alfajiri, alipoketi juu ya kibao chake na birika mkononi ili atie udhu, viganja alivikosha kwa utulivu wa mtu mzima aliyezoea ibada, lakini zamu ya uso ilipofika alisita, akavuta pumzi, kisha akajimwagia maji mara moja tu, ile iliyo faradhi, akaziacha mbili za sunna. Mwalimu wa chuo cha mtaani alimweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutayamamu. Akashukuru, akajaribu, akarudi kwenye maji, maana hata tayamamu hupitisha kiganja usoni, na adui wake hakuwa maji bali mguso.

Watu wote walisema ni jino. Aling'olewa moja, kisha la pili, kisha la tatu, na yote matatu yalipotazamwa juu ya pamba yalionekana mazima. Aliwekewa mafuta ya karafuu kwenye ufizi, dawa ambayo visiwa vyetu vimeipelekea dunia nzima na ambayo kwa jino bovu haina mfano. Yakampa harufu nzuri kinywani, basi. Aliumikwa kwa chuku kwenye panda la uso, akanywa kombe, akafukizwa. Wakati mwingine maumivu yaliondoka mwezi mzima, na aliyemtibu mwisho akapata sifa. Kisha yakarudi asubuhi moja kwa pigo lile lile, na sifa ikaisha.

Nimeanza kwa shangazi kwa sababu safari yake ya jino, mafuta, chuku na tamaa ya mwezi mmoja ndiyo safari waliyoipita wagonjwa wa maradhi haya kwa mamia ya miaka, wawe wake wa mabalozi au wapagazi wa bandarini, na tarehe ya faraja yao, nilipokuja kuisoma nikiwa mtu mzima, niliiona ina jambo moja la kustaajabisha: sababu ya maumivu ilikwisha kutajwa mapema sana, na mtu aliyejua alichokuwa akisema, kisha ikaachwa ilale vitabuni ilhali watu wakiadhibu jino, shavu, na mwishowe mshipa wenyewe.

Lugha yetu ina neno moja, mshipa, ambalo kwalo huitwa mfereji wa damu na pia uzi wa hisia. Tukitaka kutenga huongeza kivumishi, tukasema mshipa wa damu, mshipa wa fahamu. Waarabu wana neno la kila kimoja, na wanafunzi wetu wa tiba huona tabu kwa umaskini huo wa Kiswahili. Lakini kwa maradhi haya neno letu lina bahati, kwani kiini chake kwa wagonjwa walio wengi ni hicho hasa: mshipa uliolala juu ya mshipa. Jozi 12 za mishipa ya fahamu hutoka katika ubongo, na jozi ya 5 ndiyo iletayo hisia za uso. Kila upande mshipa huo hugawanyika matawi 3: la kwanza huenda kwenye jicho na paji la uso, la pili kwenye shavu, ubavu wa pua na taya la juu, la tatu kwenye taya la chini na kidevu. Karibu na pale unapoingia ubongoni, ala laini ya mafuta inayoufunika ni nyepesi. Na ikiwa mshipa wa damu umejikunja ukauegemea mahali hapo, ukipiga kwa kila pigo la moyo mwaka baada ya mwaka, ala ile hulika kama gamba la waya wa umeme lililosuguliwa, na habari ndogo ya upepo shavuni hugeuka njiani ikafika ubongoni ikiwa radi. Wako wagonjwa wengine ambao ala yao imeliwa na ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu, au imebanwa na uvimbe, lakini hao ni wachache.

Maumivu yenyewe hudumu sekunde chache, pengine dakika mbili, kisha hukatika kana kwamba hayakuwako. Yakarudi mara kumi au mara mia kwa siku. Hayahitaji pigo ili yaamke. Huamshwa na mswaki, wembe, tonge, salamu, busu la mjukuu. Huwashika zaidi waliopita umri wa miaka 50, wanawake kuliko wanaume, na upande wa kulia kuliko wa kushoto. Na yana desturi ya kwenda likizo, wiki au miezi, bila kuombwa na bila dawa; desturi hiyo ndiyo iliyowapa heshima wasiostahili tangu zama za kale, kwa kuwa dawa yo yote itakayotokea kunywewa jioni ya mwisho itahesabiwa kuwa ndiyo iliyoponya.

Mwanzoni mwa karne ya 12 aliishi tabibu aitwaye Sayyid Ismail al-Jurjani, mwenyeji wa Gurgan karibu na Bahari ya Kaspi, mwandamizi wa mafundisho ya Ibn Sina, aliyehudumu katika dola ya Khwarazm kwa mfalme wa huko, akamtungia kitabu kikubwa cha tiba alichokiita Zakhira-yi Khwarazmshahi, yaani Akiba ya Mfalme wa Khwarazm. Kitabu hicho hakukiandika kwa Kiarabu, lugha ya elimu ya zama zake, bali kwa Kifarsi, lugha ya watu aliowatibu, na mimi ninayejaribu kuandika mambo haya kwa Kiswahili namwonea fahari kwa hilo kama mtu anavyomwonea fahari mjomba wa mbali. Ndani ya Akiba ile ameyataja maumivu yanayoshika meno ya upande mmoja pamoja na taya lote la upande ule ule, yenye mtukutiko na fadhaa kubwa. Na chanzo cha mtukutiko na fadhaa hiyo, akasema, ni ukaribu wa mshipa wa damu na mshipa wa fahamu.

Hana zaidi ya hapo. Hakuwa na kioo cha kukuza wala njia ya kufungua kichwa cha mtu aliye hai akatazama. Lakini ameyaona mambo mawili ambayo karne nyingi baadaye ziliyakosa: kwamba jino linauma ilhali si jino lenye kosa, na kwamba kosa liko katika ujirani wa vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake ni kizima. Al-Jurjani alifariki yapata mwaka 1136.

Ulaya iliyafikia maumivu haya kwa njia ya kilio, si kwa njia ya maarifa. Johannes Laurentius Bausch, tabibu wa mji wa Schweinfurt katika Ujerumani, ambaye mwaka 1652 aliasisi chama cha wataalamu kiitwacho Leopoldina, alishikwa na maumivu ya taya hata asiweze kusema wala kula ipasavyo; alikufa mwaka 1665, na wenzake walipoandika habari za maisha yake mwaka 1671 hawakuweza kuyapita mateso hayo bila kuyaeleza. Mwasisi wa chama cha matabibu, na hakuna tabibu aliyejua la kumfanyia.

Desemba ya mwaka 1677, John Locke, ambaye dunia inamkumbuka kwa falsafa lakini ambaye kazi aliyosomea ilikuwa tiba, alikuwa Paris, akaitwa kwa haraka nyumbani kwa balozi wa Uingereza kwa kuwa mke wa balozi, aliyekuwa bado akiitwa kwa cheo chake cha kwanza Countess wa Northumberland, alikuwa akipiga kelele za kutisha. Barua alizowaandikia matabibu wenzake London kuomba shauri zimebaki, na katika barua hizo mna kitu adimu kwa zama zile: tabibu aliyeketi kando ya kitanda akatazama, akasikiliza, akaandika anachokiona kabla ya kuandika anachokidhani. Aliandika kwamba maumivu yalikuja kwa ghafla kama mmweko wa moto juu ya nusu ya uso, kwamba mdomo ulivutwa upande wa kulia kuelekea sikioni, kwamba kusema au kugusa ufizi kuliyaita, na kwamba baina ya shambulio na shambulio bibi yule alikuwa salama. Meno, bila shaka, yalikwisha kung'olewa. Locke alimpa dawa za kuharisha, kwa kuwa ndiyo mizani ya tiba ya wakati ule, na baada ya siku maumivu yakatulia. Sidhani kwamba kuharisha ndiko kulikoyatuliza. Yalikwenda likizo yao. Lakini barua zile zilikuwa maelezo kamili kuliko yote yaliyokwisha kuandikwa Ulaya, na zilibaki karatasi za siri za mtu mmoja.

Jina lilikuja mwaka 1756, alipolitoa Nicolas André, mpasuaji wa Versailles, aliyeyaita tic douloureux, maana yake mtukutiko wenye maumivu. Naye alipaka dawa za kuunguza juu ya mshipa unaochomoza chini ya jicho, siku baada ya siku, hata ukafa. Mwaka 1773 John Fothergill, tabibu wa London, mtu wa madhehebu ya Quaker, alisoma mbele ya wenzake habari za wagonjwa 14, wengi wao wanawake, hakuna aliyekuwa chini ya miaka 40. Aliyaeleza maumivu kwa ufasaha hata Waingereza wengine wakayaita kwa jina lake, akaonya kwamba watu wanang'olewa meno mazima, kisha akaagiza dawa itokanayo na mmea wa sumu. Wengine walitoa kwinini, zarniki au unga wa chuma. Kung'amua kulikwisha kuwa kwa hali ya juu, na kuponya kulikuwa pale pale.

Na waliokata walikata palipokosewa. Uso una mishipa miwili mikuu kila upande, wa 5 uletao hisia na wa 7 uendeshao misuli, na kabla ya kazi za Charles Bell wa London kuanzia mwaka 1821, na za François Magendie wa Paris, haikubainika ni upi wa kazi gani. Hivyo wako wagonjwa waliokatwa ule wa 7, wakaamka na mdomo uliokwenda upande, jicho lisilofumba, na maumivu yao yale yale.

Katika karne hiyo ya 19 lilitokea jambo ambalo hunijia akilini kila ninapoona mstari wa akina mama mbele ya chumba cha chanjo. Tarehe 3 Juni 1844, katika hospitali ya Meath mjini Dublin, mpasuaji Francis Rynd alimtazama mwanamke wa miaka 59 aliyeteswa na maumivu ya uso kwa muda mrefu na ambaye mofini ya kumeza haikumfaa kitu. Akafikiri kwamba, ikiwa dawa haifiki kwa njia ya tumbo, basi apelekewe mahali penyewe. Alitoboa ngozi karibu na mishipa inayouma, akaingiza mrija mwembamba, akaacha mofini iliyoyeyushwa iteremke ndani kwa uzito wake, kwani chombo chake hakikuwa na bomba la kusukuma. Katika muda wa dakika moja maumivu yalikoma, na usiku ule mwanamke yule alilala kama hakuwahi kulala kwa miezi. Rynd aliitangaza habari hiyo mwaka 1845. Miaka michache baadaye, mwaka 1853, Alexander Wood wa Edinburgh alianza kutumia bomba la kusukuma pamoja na sindano yenye tundu, naye pia alikuwa akitafuta njia ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Sindano inayomliza mtoto kwenye zahanati, inayompa mgonjwa wa sukari uhai wake, inayoingia mkononi mwa kila mmoja wetu mara nyingi kabla hajafa, asili yake ni shavu la mwanamke mmoja wa Dublin.

Faraja ya mofini lakini ilikuwa ya saa, na wagonjwa walitaka ya maisha. Ndipo kisu kilipochukua nafasi. Mwaka 1890 William Rose, mpasuaji wa London, alilifuata fundo la mshipa wa 5 lililo chini ya ubongo, ambalo huitwa kwa jina la Gasser, mwalimu wa Vienna, akalitoa. Maumivu yalikoma, lakini jicho la mgonjwa liliharibika likaondolewa. Katika miaka miwili iliyofuata Frank Hartley wa New York na Fedor Krause wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walipata njia ya kupitia upande wa kichwa juu ya sikio. Watu walikufa. Kisha mwaka 1901, mjini Philadelphia, William Spiller alimshauri Charles Frazier asiling'oe fundo, bali akate mzizi ulio nyuma yake, maana mzizi ukikatwa hauoti tena. Vifo vikapungua sana, na baadaye wakajifunza kubakiza nyuzi za jicho na za misuli ya kutafuna. Wengine hawakukata bali walidunga kileo: Schlösser wa Munich tangu mwaka 1903, kisha Wilfred Harris wa London aliyeipeleka sindano hadi kwenye fundo lenyewe. Kileo kiliua mshipa kwa mwaka mmoja, pengine zaidi, kisha mshipa ukafufuka na maumivu yake.

Haifai mtu wa leo awadharau waliofanya hayo, wala waliokubali kufanyiwa. Aliyekwisha kumwona mtu ameshika kikombe cha uji akalia kwa sababu hawezi kukipeleka mdomoni hatauliza kwa nini alitoa uso wake ukatwe. Lakini thamani iliyolipwa iandikwe. Nusu ya uso ilikuwa kama ubao: chakula kilikaa shavuni bila mwenyewe kujua, midomo iling'atwa ikatoka damu, mavumbi yaliingia jichoni yasisikiwe hata jicho likafanya kidonda. Na wachache kati yao walipatwa na lililo zito kuliko yote, yaani shavu lililokufa ganzi kabisa, lisilosikia sindano wala moto, na juu ya ganzi hiyo yakakaa maumivu mapya yasiyokatika mchana wala usiku, ambayo hayakuwa na mshipa wa kukata kwa kuwa ulikwisha kukatwa.

Wakati huo huo, njia nyingine ilikuwa ikitambaa polepole kutoka mahali pasipotazamiwa. Armand Trousseau, mwalimu mkuu wa tiba mjini Paris, alisema mwaka 1853 kwamba maumivu haya, kwa kuja kwake kwa ghafla na kukatika kwake kwa ghafla, yanafanana na kifafa, akayaita hivyo. Tamthili hiyo ilikaa bila kazi karibu miaka 90, mpaka mwaka 1942 Mfaransa mwingine, Bergouignan, alipoishika kwa mikono yake akawapa wagonjwa wa uso dawa ya kifafa iitwayo fenitoini, ikawafaa baadhi yao. Mwaka 1953 Walter Schindler, mkemia wa kampuni ya Geigy mjini Basel, alitengeneza dawa iliyokuja kuitwa kabamazepini; na mwaka 1962 Sigfrid Blom wa Sweden alitangaza kwamba dawa hiyo, iliyokuwa ikijaribiwa kwa kifafa, inayazima maumivu ya uso. Hadi leo ndiyo dawa ya kwanza anayopewa mgonjwa. Hutuliza aghalabu katika siku chache, na inapotuliza hivyo yenyewe ni ushahidi, maana jino bovu halisikii kabamazepini. Si dawa ya mchezo: humfanya mtu asinzie, ayumbe, wengine huwatoa upele wa hatari kwenye ngozi, damu sharti ipimwe, na kwa baadhi ya watu nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Hata hivyo mtu anayetafuta mwanzo wa rehema ya kweli katika tarehe hii, rehema isiyoua uso, aanzie katika kidonge hicho.

Sasa turudi kwenye ule ujirani wa mishipa alioutaja al-Jurjani. Walter Dandy, mpasuaji wa ubongo wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alianza katika miaka ya 1920 kuufikia mzizi wa mshipa wa 5 kwa nyuma, kupitia mfupa ulio nyuma ya sikio, na kwa njia hiyo alipata kuona kitu ambacho wenzake waliopita ubavuni hawakukiona: mshipa wa damu umejikunja, umelala juu ya mshipa wa fahamu, umeubonyeza. Aliandika mwaka 1934 kwamba katika wagonjwa 215 aliwakuta 66 na mshipa wa damu uliokaa hivyo, na akathubutu kusema kwamba huenda ndicho chanzo cha maumivu. Kisha akaendelea kukata mshipa wa fahamu kama kwanza. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Alimwona mkosaji kwa macho yake, akaandika jina lake, na hukumu akampa aliyekosewa. Lakini kwa taa na macho ya wakati ule, ndani ya tundu lenye kina na giza, kusogeza mshipa wa damu usio mnene kuliko ujiti wa kiberiti bila kuupasua kulikuwa ni kumwua mgonjwa, naye alikata kile ambacho angeweza kukikata kwa usalama.

James Gardner wa Cleveland alijaribu mwaka 1959 kutenga mishipa hiyo miwili kwa kuweka kitu laini katikati. Na katikati ya miaka ya 1960, huko Los Angeles, kijana aliyekuwa bado katika mafunzo ya upasuaji, Peter Jannetta, alikuwa akiandaa sehemu ya maiti ili wanafunzi wa udaktari wa meno wajifunze mshipa wa 5, akitazama kwa darubini ya upasuaji, akauona mshipa wa damu umeubana mshipa wa fahamu. Wanafunzi wa meno: katika tarehe iliyojaa meno mazima yaliyong'olewa bure, bahati ilipita mlango huo. Mwaka 1966 alifanya upasuaji wake wa kwanza wa kuusogeza mshipa wa damu. Nyuma ya sikio hufunguliwa tundu lililo kama sarafu, ubongo mdogo huegeshwa kidogo, mshipa wa damu huinuliwa, na baina yake na mshipa wa fahamu huwekwa pamba ndogo ya Teflon, kama mtu anavyotia kitambaa baina ya vyungu viwili safarini visigongane. Hakikatwi kitu. Uso hubaki na hisia zake.

Wakubwa wengi wa fani hawakumsadiki kwa miaka. Walisema mishipa ya damu hugusa mishipa ya fahamu kwa watu wengi wasioumwa, jambo ambalo ni kweli, na kwamba nafuu huletwa na kuuchokoza mshipa tu. Jannetta alihamia Pittsburgh mwaka 1971 akaendelea kupasua na kuhesabu. Mwaka 1996 yeye na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 1,185, na miaka 10 baada ya upasuaji asilimia 70 walikuwa hawana maumivu wala hawamezi dawa. Upasuaji huo una hatari zake, wengine hupoteza usikivu wa sikio la upande huo, na mara chache mtu hufa. Lakini hoja ilikwisha kuhukumiwa. Nalo lililonigusa kuliko takwimu ni hili: mwaka 1965, katika miezi ambayo kijana yule wa Los Angeles alikuwa karibu kuona kwa darubini, jarida moja la elimu ya mishipa ya fahamu lilichapisha makala ya mtaalamu wa Kiirani, Ameli, aliyeitoa ile kauli ya al-Jurjani kutoka katika Kifarsi chake cha kale na kuiweka mbele ya matabibu wa dunia. Maneno na jicho vilifika karibu siku moja, vikiwa vimeachana zaidi ya miaka 800.

Njia nyingine nazitaja kwa kupita. Lars Leksell wa Stockholm aliielekeza mionzi kwenye fundo la Gasser mwaka 1951, mwanzo wa fani nzima ya upasuaji usio na kisu. Wanafunzi wa mji huo huo, wakitia chembe za metali katika gliserini ili fundo lionekane kwenye picha kabla ya mionzi, waliona wagonjwa wanapona kabla ya kupigwa mionzi, na Sten Håkanson akatangaza mwaka 1981 kwamba gliserini yenyewe ni dawa. Wako pia wanaopitisha sindano shavuni wakaunguza nyuzi kwa joto lililopimwa, au wakazibana kwa kipulizo kidogo. Hizo zote bado huumiza mshipa ili unyamaze, ila kwa kiasi, na kwa mzee asiyestahimili kufunguliwa kichwa huenda ndizo zinazomfaa.

Kwetu pwani, mashine za kupiga picha ya ubongo ziko katika miji michache, na wapasuaji wa ubongo ni wachache kuliko haja iliyopo. Lakini kabamazepini, kwa kuwa ni dawa ya kifafa, imekuwako katika hospitali zetu kwa miaka mingi, na aliyeikosa mara nyingi hakuikosa kwa kutokuwapo dawa bali kwa kutokuwapo aliyemwuliza swali.

Shangazi aliulizwa swali hilo katika miaka ya 1970, na daktari kijana ambaye hakumwangalia kinywa kwanza. Nilikuwa nimemsindikiza. Daktari alimwambia, Mama, nionyeshe kwa kidole mahali panapokuuma. Naye akainua kidole, akakipeleka polepole kuelekea shavuni, na kidole kikasimama hewani upana wa vidole viwili kabla ya ngozi, kikafuata njia ya maumivu kutoka puani hadi taya bila kugusa. Daktari alikitazama kidole kile kwa muda. Hakuuliza habari za meno. Aliandika, akaeleza namna ya kuanza kwa kidogo na kuongeza, akaonya juu ya usingizi na kuyumba, akamtaka arudi baada ya wiki mbili.

Siku ya tano au ya sita niliamka kwa adhana. Nilisikia kibao kikiburutwa uani, birika likijazwa, viganja vikisuguana. Nikangoja ule ukimya niliouzoea, lakini haukuja. Maji yalimwagika usoni, yakamwagika tena, na mara ya tatu aliyaacha yateremke polepole, na mkono ukapita shavuni kutoka juu hadi kidevuni.